Honi na Kufuli

"Huyo mtu haingii humu ndani," Honi alisema, na kwa kuwa hakuwa na sauti ya chini, nyumba tatu za jirani zilipata habari hiyo papo hapo.

Ndiyo maana aliitwa hivyo, kwa ajili ya sauti yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama katikati ya mashine nne za kufuma katika kiwanda cha nguo, na mashine hizo zilimlipa kwa kumla masikio. Kule ndani mtu akitaka kumwambia mwenzake kitu alimpigia kelele sikioni, akarudia, kisha akaonyesha kwa mikono. Honi alistaafu akarudi nyumbani na sauti ileile. Akiomba chumvi mezani, mpita njia barabarani angeweza kumletea.

Siku hiyo alikuwa amesimama sebuleni, ameshika mgongo wa kiti kama mtu anayetaka kukirusha. Mbele yake walikaa watatu: mkewe, mtoto wao wa kiume ambaye ni fundi umeme, na mkazamwana wao, muuguzi, mwanamke mpole asiyependa ugomvi, ambaye asubuhi hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba," mkazamwana alisema, akitamka polepole ili asomwe midomo, "amepooza upande mzima. Hana mtu mwingine. Nitamwacha wapi?"

"Mwache hukohuko alikokaa miaka yote."

"Kule anakaa peke yake."

"Basi akae na roho yake. Watatoshana."

Mtoto wake wa kiume akainuka. Alikuwa mrefu kumshinda baba yake, na hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Lakini siku hiyo alipandisha, wala si kwa sababu ya masikio mabovu. "Sawa, mzee. Nyumba ni yako, umeijenga kwa mikono yako, hatubishani. Sisi tutatafuta chumba mahali. Mwisho wa mwezi tunahama, na watoto."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Honi alikuwa mtu wa wajukuu. Kabla ya wajukuu alikuwa mtu wa watoto, na watu wa mtaa ule walikuwa wakimcheka kwa hilo tangu ujana wake: mwanamume anayetoka zamu, badala ya kwenda na wenzake kunywa, anakwenda nyumbani moja kwa moja kama aliyefungwa kamba. Aliwaogesha watoto wake wanne. Aliwasuka nywele. Aliwashonea sare za shule mwenyewe kwa mkono, mshono mdogomdogo, na hata mwalimu mmoja aliwahi kuuliza anuani ya fundi. Sasa alikuwa akiwafanyia wajukuu wawili yaleyale. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba watoto watahama ilikuwa sawa na kumkata pumzi.

Alimtazama mkewe, akitegemea msaada. Mkewe alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, wala hakuinua uso.

"Akae chumba cha nyuma," Honi alisema hatimaye. "Simsalimii. Sili naye. Na asinisemeshe."

"Hawezi kusema vizuri," mkazamwana alijibu. "Mdomo umepinda."

"Mungu ni mwema," alisema Honi, akatoka nje.

Aliyekuwa analetwa ni nyapara wake wa zamani. Wafanyakazi walimpa jina la Kufuli kwa sababu ya fungu la funguo lililoning'inia kiunoni, na kwa sababu hakuna jambo lililowahi kufunguka mbele yake. Ukiomba ruhusa, hapana. Ukiomba kubadilisha zamu, hapana. Hakuwaita watu majina. Aliwaita kwa namba za safu zao za mashine. Honi, aliyesimamia safu ya kumi na nne, kwake alikuwa Kumi na Nne, tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho.

Kila mtu katika familia alikijua kisa chao, maana Honi alikisimulia mara nyingi mno. Miaka arobaini iliyopita, mtoto wao wa pili, binti wa mwaka mmoja na miezi minne, alishikwa na homa kali. Asubuhi, saa nne, jirani alikuja kiwandani kumwita baba yake. Honi akaenda kwa nyapara kuomba kibali cha kutoka. Nyapara akamwambia kuna kitambaa cha kumaliza, ataondoka saa nane zamu ikiisha. Geti likafungwa. Honi akabaki. Saa nane alikimbia njia nzima, akamkuta mtoto amekwisha kufa.

Hivyo ndivyo alivyokisimulia, na kila alipofika kwenye lile geti aligonga ngumi mezani. Watoto wake walikua wakimchukia Kufuli kabla ya kumwona. Ajabu ya dunia ni kwamba mwanawe alikutana na muuguzi mmoja huko alikokwenda kufunga nyaya za zahanati, akampenda, akamleta nyumbani, na binti alipoulizwa baba yake ni nani, akamtaja Kufuli, Honi akaweka kijiko chini na hakula tena siku hiyo. Hakupinga ndoa. Binti hana kosa, alisema. Lakini kwenye picha ya harusi, mpiga picha aliwasihi wazee wawili wasogeleane mpaka akachoka. Picha ilitoka na pengo katikati ambalo ungeweza kupitisha mkokoteni.

* * *

Kufuli aliletwa siku ya Jumanne mchana, kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichokabidhiwa amshikie mtu. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Macho tu ndiyo hayakuguswa. Yalizunguka sebule nzima, polepole, kama yalivyokuwa yakizunguka kitambaa kilichotoka mashineni kutafuta kasoro.

Akasema kitu. Maneno yalitoka yamevurugika.

"Kasemaje?" Honi aliuliza, ingawa alikuwa amekula kiapo asiulize.

Mkazamwana akasita. Mkewe, ambaye masikio yake yalikuwa makali kama ya paka, akajibu bila kusita: "Anasema ukuta wako umepinda."

Ukuta kweli ulikuwa umepinda kidogo. Honi aliujua upindo huo tangu siku alipoujenga, na kwa miaka kumi na minane hakuna mtu aliyeuona.

Basi vita vikaanza hivyo. Vilikuwa vita vya ajabu, maana mmoja hasikii na mwingine hawezi kutamka, na wote wawili walihitaji mkalimani wa matusi. Kazi hiyo ilimwangukia mke wa Honi. Alikaa kwenye kigoda chake kati ya chumba cha nyuma na ua, anamenya au anashona, na maneno machafu yakapita kwake kwenda na kurudi.

"Mwambie redio yangu haimhusu."

"Amesikia. Anasema hata ukiongeza hutasikia kitu, unatuumiza sisi."

"Mwambie huku si kiwandani."

"Anasema angekuwa kiwandani angekuwa amekufukuza."

Honi alisogeza kiti chake mahali jua la asubuhi linapofika, kwa sababu ndipo Kufuli alipopenda kuwekwa. Kufuli naye akawa anagonga sakafu kwa fimbo kila Honi anapojilaza mchana. Honi hakuisikia ile fimbo, lakini aliihisi kwenye miguu ya kitanda, na hilo lilimuudhi zaidi. Siku moja Honi alikaa uani anamsuka mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minne, na Kufuli akiwa mlangoni kwake akacheka kicheko chake kibovu cha upande mmoja.

"Anasema ulikosea njia," mkewe alitafsiri. "Ungekuwa yaya."

"Mwambie mimi wanangu wananijua. Yeye binti yake alilelewa na shangazi."

Mkazamwana alikuwa jikoni, anasikia yote. Alitoka na kikombe cha chai cha baba yake, akampita Honi bila kumtazama. Jioni ile hakula mezani, na mumewe pia hakula. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Watoto walijifunza kunyamaza wakipita koridoni. Mkazamwana, aliyezoea kumpa Honi shikamoo yenye tabasamu, sasa aliitoa kama mtu anayelipa faini. Naye Honi aliona, akaumia, akazidi kuwa mbaya.

Wiki ya tano yule mjukuu wa kike aliamka na homa.

Haikuwa homa kubwa. Mama yake, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, alimpima, akamtazama koo, akasema ni mafua, apumzike, anywe maji, yeye atarudi mchana kumwangalia. Akaenda kazini. Honi akabaki kando ya kitanda. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto, akakiondoa, akakirudisha. Ilipofika saa tatu na nusu mtoto alianza kulia kwamba kichwa kinamuuma, na jambo fulani ndani ya yule mzee likakatika kama uzi mashineni. Alimbeba, akatoka mbio.

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikimbia na ndala moja. Ya pili ilimvuka mlangoni. Mtaa mzima ulimwona akipita, koti limepepea, mtoto amemkumbatia shingo, yeye anapiga kelele "Nipisheni! Nipisheni!" ingawa barabara ilikuwa tupu. Alifika zahanati alikofanya kazi mkazamwana, anahema vibaya kiasi kwamba muuguzi wa zamu alimlaza yeye kwanza kabla ya mtoto.

Mtoto alikuwa na mafua. Walimpa dawa ya maji, mama yake akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akamwambia, "Baba, utajiua bure." Babu na mjukuu wakarudi nyumbani taratibu, mtoto anatembea kwa miguu yake.

Kufuli alikuwa uani, kwenye jua. Aliwatazama wakiingia. Alimtazama Honi na mguu wake mmoja uliojaa vumbi na mchubuko. Kisha akasema maneno machache, akijitahidi kuyatamka moja moja.

Honi aliona mkewe ameacha kushona.

"Kasemaje?"

 Mkewe alimtuma mjukuu ndani akanywe maji, mlango ukafungwa nyuma yake.

"Nakuuliza, kasemaje?"

"Amesema: kumbe unajua kukimbia."

Honi alisimama palepale. Watu wanaosema damu huchemka hawajui, yake ilipoa. Alikwenda hadi mbele ya kile kiti, akainama, sura yake ikawa mbele ya ile sura iliyopinda.

"Ulinifungia geti," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema jambo hilo taratibu. "Mwanangu anakufa, ukanifungia geti."

Kufuli alitikisa kichwa. Akasema tena, sentensi ndefu, mate yanamtoka pembeni ya mdomo, na fimbo yake inaonyesha upande fulani kama vile kiwanda kiko hapo.

"Mama watoto. Niambie."

"Achana naye, Baba watoto. Njoo ndani."

"Niambie!"

Mkewe aliweka sindano kwenye kitambaa, akakikunja, akakiweka mapajani. Alizungumza akiwa anatazama mikono yake, lakini alihakikisha midomo inaonekana.

"Anasema hakufunga geti lolote. Anasema kimlango cha pembeni kilikuwa wazi, walikuwa wanaingiza marobota ya pamba, na mlinzi yuko kwenye lori. Anasema alikunyima ruhusa kwa mdomo, basi. Akageuka, akategemea utaondoka, kama wengine walivyokuwa wanaondoka, halafu yeye angekuandikia barua ya kukufukuza na angeifurahia. Alipogeuka tena akakuona umerudi kwenye mashine. Anasema miguu ilikuwa yako."



Kisha Honi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulipanga. Alishika vishikio vya kile kiti, akakisukuma. Alikivusha ua, akakipitisha mlango wa mbele, akakishusha kibarazani kwa kishindo kiasi kwamba kichwa cha Kufuli kilirushwa huku na huku. Alimpeleka hadi ukingo wa barabara, akamwacha pale, kwenye kokoto, jua la saa sita linampiga utosini.

"Nenda!" alipaza sauti. "Nenda na mdomo wako!"

Majirani walitoka. Mwanamke wa nyumba ya mbele alisimama na ufagio mkononi. Fundi baiskeli wa pembeni aliacha tairi. Hakuna aliyesogea, maana hakuna aliyewahi kumwona Honi hivyo. Walimjua mwenye kelele, hawakumjua mwenye chuki. Kufuli alikaa tu katikati ya macho yao yote, mkono wake mzuri umeshika mkono wake mbovu, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba alikuwa anaogopa.

Mkewe alitoka pekupeku. Hakukimbia. Alifika, akasimama kati ya mumewe na kile kiti.

"Unamtoa kwa sababu amesema uongo?" aliuliza. "Au kwa sababu amesema kweli?"

"Na wewe uko upande wake?"

"Huyu?" Alimtazama Kufuli bila huruma hata chembe. "Huyu ni mtu mbaya. Alikuwa mbaya na atakufa mbaya. Angekupa ruhusa, kingempungukia nini? Lakini mimi sikuolewa na yeye." Akamgeukia mumewe, akasogea karibu, kwa sababu alitaka kusema kwa sauti ndogo na bado asikike. "Jirani aliyekuja kukuita alirudi saa nne na nusu, peke yake. Nikamuuliza, yuko wapi? Akasema, nimemwacha geti la pembeni, liko wazi, amesema anakuja. Nilikaa mlangoni na mtoto mapajani, natazama barabara. Saa nne na nusu. Saa tano. Saa sita. Najua geti lilikuwa wazi. Nimejua miaka arobaini."

 

"Mbona hukusema?" Honi aliuliza.

"Ulirudi ukalia siku tisa. Halafu ukaamka, ukaenda kazini, ukarudi moja kwa moja nyumbani. Kesho yake hivyohivyo. Ulikuwa unamhitaji huyu mtu umchukie ili uweze kusimama. Nikakuachia."

"Kwa hiyo ulinisamehe."

"Sikukusamehe," mkewe alisema. "Nani amekwambia nilikusamehe? Nilikaa. Ni kitu kingine."

Alishika vishikio vya kiti, akakigeuza. Gurudumu moja lilikwama kwenye kokoto. Alikuwa mwanamke mwenye miaka sitini na minane na goti linalouma, na alilisukuma mara tatu kabla halijatoka. Honi hakumsaidia. Hakujua afanyeje na mikono yake. Alibaki ukingoni mwa barabara, na majirani, mmoja mmoja, wakaona haya wakaingia ndani.

* * *

Ukweli ni kwamba alikumbuka. Hakuwa amesahau, alikuwa amejenga ukuta mbele yake. Alipokaa peke yake mchana ule nyuma ya nyumba, aliyaona yote kama yako mbele yake. Kimlango kile cha bati kilichopakwa rangi ya kijani, kiko wazi kiasi cha bega la mtu. Lori. Mlinzi amempa mgongo. Yeye Honi, kijana wa miaka thelathini na miwili, amesimama hatua kumi na tano kutoka hapo, na vumbi la pamba kwenye kope. Alikuwa amewaza kazi. Wiki mbili nyuma walifukuzwa watu sita. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto mkubwa wa miaka minne, nyumba ya kupanga. Nikifukuzwa tutakula nini? Mtoto ana homa tu, watoto huwa na homa. Akahesabu vibaya. Kwa ajili ya familia yake, akarudi kwenye mashine. Na uzi ulipokatika kwenye mashine ya tatu aliufunga kwa mikono isiyotetemeka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mikono yake haikutetemeka.

Jumapili aliwaita mezani. Mwanawe na mkazamwana walikaa wamekunja nyuso, wakitegemea mashambulizi mapya, kwa sababu habari za kile kiti barabarani zilikuwa zimewafikia, na mkazamwana alikuwa ameshaanza kufungasha mizigo. Kufuli alisogezwa hadi mlangoni mwa chumba chake. Honi mwenyewe ndiye aliyeomba asogezwe.

"Nataka kurekebisha kitu," alisema. "Ile habari ya dada yenu. Geti halikufungwa. Nilisema lilifungwa, lakini halikufungwa. Nilinyimwa ruhusa nikaogopa kufukuzwa, nikarudi kazini. Ndivyo ilivyokuwa."

 Mkazamwana aliweka mkono mdomoni.

"Miaka yote hii?" mwanawe aliuliza. Alikuwa amepauka. "Ulinilea na uongo huo? Siku ya harusi yangu sikumpa baba mkwe wangu mkono. Kwa sababu yako. Mke wangu alilia chumbani siku ya harusi yake, kwa sababu yako."

"Ni kweli."

"Na ulikuwa unagonga meza!" Kijana alisimama, kiti kikaanguka. "Ulikuwa unagonga meza, mzee!"

Akatoka. Mlango ulibamizwa kiasi kwamba chokaa ilidondoka.

Kufuli, kutoka mlangoni kwake, akasema maneno matatu.

"Anasema umechelewa tena," mkewe alitafsiri.

"Mwambie najua," alisema Honi.

Kama kuna mtu anayetegemea kusikia kwamba baada ya hapo wazee wale wawili walikuwa marafiki, hakuwajua. Hawakupatana. Kufuli aliishi katika chumba cha nyuma miezi minane mingine na hakuna hata siku moja aliyomwita Honi kwa jina lingine isipokuwa Kumi na Nne. Honi hakumsalimu. Tofauti ilikuwa moja tu: Honi aliacha kumtukana, na Kufuli, alipokosa wa kurudishiana naye, alianza kufa. Mkazamwana aliwahi kusema hivyo, nusu kwa utani, na hakuna aliyecheka.

Mizigo ilifunguliwa. Mkazamwana ndiye aliyeamua kubaki. Alisema ana mgonjwa wa kuhudumia na hana muda wa kuhama kwa ajili ya hasira za wanaume. Mumewe alikaa mwezi na nusu bila kumsemesha baba yake. Alipita sebuleni kama mpangaji. Honi aliendelea kuamka alfajiri, kuwaandaa wajukuu, kuwapeleka shule, kuwarudisha, hakuomba asemeshwe. Siku moja tu, taa ya jikoni ilipokuwa inazimika na kuwaka, mwanawe alipanda kwenye kiti kuitengeneza na akanyoosha mkono chini bila kutazama, kama alivyozoea, kuomba bisibisi. Honi akampa. Mwanawe aliipokea. "Siyo hii," alisema. "Ile ndogo." Yalikuwa maneno ya kwanza, na hayakuwa na ukarimu wowote, lakini yalisemwa kwa sauti ya kutosha ili mzee asikie.

Kufuli alifariki asubuhi moja ya Alhamisi, binti yake akiwa amemshika mkono. Waliojitokeza kumzika walikuwa wachache mno. Kiwanda kilishafungwa miaka mingi, na wale waliobaki hai walipopata habari walisema pole wakaendelea na shughuli zao. Wabebaji wa jeneza walipungua mmoja, Honi akatoa koti lake akampa mkewe, akaingiza bega. Hakulia. Fundi baiskeli alimuuliza baadaye, kwa nini ulimbeba? Honi akajibu kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu: "Alikuwa mzito, nani angembeba?"

Walirudi nyumbani mchana. Mkazamwana akaenda kulala. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, kitanda kimeshatandikuliwa. Honi alimkuta mkewe jikoni, akavuta kigoda, akakaa mbele yake ambapo angeweza kuiona midomo yake vizuri.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema. "Sikuwahi kukuuliza."

"Uliza."

"Ile saa nne mpaka ile saa sita. Alikuwaje?"

Mkewe alimtazama. Ilionekana kama angekataa, na alikuwa na haki hiyo. Kisha akavuta pumzi.

"Alikuwa na hasira," alisema. "Nilimfunika shuka, akaitupa. Nikamfunika tena, akaitupa tena, akanikata jicho hivi, kama wewe. Nilimpa maji kwa kijiko. Aliyanywa mara mbili, mara ya tatu akafunga mdomo. Kuku aliingia ndani, akamnyooshea kidole, akasema 'toka'. Hilo ndilo neno aliloweza vizuri. Halafu akaegemea hapa." Aligusa bega lake la kushoto. "Akawa mzito. Nilidhani amelala."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Aliniita?"

Mkewe angeweza kusema hapana. Alifikiria kusema hapana. Honi aliona jinsi alivyofikiria.

"Mara moja," alisema.

Honi alitikisa kichwa kukubali.  Nje wajukuu walikuwa wanagombana kuhusu nani atakuwa dereva, na yeye hakuwasikia. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa isiyojua kujificha, "Endelea. Nieleze tena tangu ile ya shuka," na mkewe akaanza upya, polepole, akitamka kila neno.